Mkaja wa Ghorofa ya Tano

Kwetu Konde harusi ilikuwa na uwanja.
Ilikuwa na mafiga, na mkeka wa wazee,
na njia ya nyuma ya kumpitisha kungwi
wanaume wasimuone.
Hapa Michenzani tuna ngazi moja.
Ngazi hiyohiyo hupandishwa gunia la mchele,
hushushwa jeneza,
hupandishwa sanduku la bibi harusi.

Juzi nilitwanga singo.
Karafuu alikuja nazo mjomba Asaa kwa boti,
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Mchi haujapiga mara kumi
jirani wa chini akatugongea dari kwa mpini wa fagio:
mwanawe ana mtihani.
Basi singo tukaisaga kwa blenda.
Ikanguruma kama pikipiki, ikanukia vilevile.
Mize alipopakwa alifumba macho.
"Da Riziki," akasema, "nanukia nyumba ya bibi."
Mimi nikageukia dirishani.

Bi Raya, kungwi, magoti yamemgomea,
na bahari hawapatani.
Alimfunda kwa simu siku mbili,
simu imelazwa juu ya mto, sisi tumeizunguka
kama mgonjwa.
Siku ya tatu akasita.
"Lililobaki halipiti humu.
Zamani ukuta ndio uliokuwa na masikio. Siku hizi na hewa."
Akaleta kanga, pembe yake ina mafundo matatu.
Niliitazama peke yangu, chooni, nimetia komeo.
Fundo la kwanza nikalifahamu.
La pili nikacheka.
Nimeolewa mwaka wa tisa huu:
la tatu sikulijua.

Baba alitaka fungate la siku saba.
Shaame bandarini kapewa ruhusa ya tatu,
na moja ni Jumapili.
Wakavutana, wakaafikiana:
siku tatu atakaa ndani,
nne zilizobaki atakuja kula kwetu kila magharibi,
sare za kazi mwilini, kofia ya harusi kichwani.
Shangazi akabenua mdomo:
"Fungate la matone,
kama mfereji wa ghorofa ya tano."

Haya yote tuliyamudu.
Kilichotushinda ni bahasha.

Watu wa Shaame waliweka mbili mezani.
Ya kilemba baba aliichukua, akaitia mfukoni bila kuihesabu.
Ya mkaja ikabaki pale, ubavuni mwa birika,
chai inapoa.
Mama tulimzika Konde, Mize ana miaka minne.
Mjomba Asaa akasema apewe Riziki, ndiye mkubwa.
Nikasema mimi tumbo langu halikukazwa kitambaa kwa ajili yake.
Shangazi akasema irudi kaburini, isomewe hitma.
Wageni wakatazama zulia.

Baba akainuka.
Akatoka pekupeku, akagonga mlango wa mkabala.
Bi Mboja akaja na mikono yake ina unga,
Bi Mboja wa Makunduchi, atutaniaye kila siku,
"Nyinyi Wapemba, hata chumvi mwaikopesha,"
Bi Mboja aliyemshusha Mize ngazi hizi mgongoni
usiku wa homa, umeme umekatika,
akihesabu vipandio kwa sauti asije akakosea.

"Tumbo langu halikumbeba huyu," akasema.
"Mgongo wako ulimbeba," baba akamjibu.
"Mkaja hufungwa kiunoni.
Kiuno kina mbele na nyuma."

"Kwetu hayo hayapo," shangazi akaguna.
"Kwetu hakuna ghorofa ya tano."

Nilidhani atalia. Nilidhani ataikataa.
Bi Mboja alipangusa unga kwenye kanga,
akaifungua bahasha mbele ya wageni,
akazihesabu noti moja moja, kwa sauti,
kama alivyohesabu vipandio.
"Imepungua elfu kumi," akasema.
"Binti yangu hatoki kwa upungufu."

Baba yake Shaame akaingiza mkono mfukoni, anacheka.
Na shangazi, shangazi yuleyule,
akapiga kigelegele cha kwanza,
kikashuka ngazi zote tano.
Jirani wa chini hakugonga.